Kura Ambayo Orlin Hakuipiga

Brekke, 15 Januari 1967

Mdogo wangu Orlin,

Pokea salamu zangu na za Baba, ambaye amekaa hapa karibu na jiko na ananiambia nikuandikie kwamba bado hajafa. Nimemjibu kwamba hilo utalijua mwenyewe, maana angekufa ungeletewa simu ya upepo, si barua. Tu wazima sote wawili. Baridi imeingia hadi kwenye kuta, madirisha ya kaskazini yameota barafu kwa ndani, na ndama mmoja masikio yake yameungua kwa baridi. Karamu ya kanisa ya samaki wa kulowekwa kwenye magadi ilifana. Bi. Tollefson alikula mpaka akafungua kifungo, kisha akalalamika kwamba samaki alikuwa laini mno.

Ninakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu hii tunayochangia barabara nzima haina siri. Juzi nilikuwa nazungumza na mke wa mchungaji, nikamsikia Bi. Tollefson akikohoa humo humo ndani ya simu. Nikamwambia apone haraka. Akanishukuru.

Sasa lililonikalisha mezani. Watu hawaniulizi hali siku hizi, wananiuliza kuhusu muswada wa kufunga hospitali ndogo. Wakinikuta posta, wakinikuta dukani, ni hilo hilo: Orlin anasemaje? Nawajibu kwamba Orlin alishasema. Alisimama kwenye ngazi za hospitali mwezi wa kumi, kofia mkononi, akasema maadamu yeye yumo katika Bunge la jimbo, mlango ule hautafungwa. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa kahawa siku ile, na nilisikia kwa masikio yangu. Baba pia alisikia, na huyo siku hizi husikia anayoyataka tu.

Unajua mlango ule aliuning'iniza yeye. Vita vilipokwisha, kila nyumba ilitoa mtu wa kubeba matofali, na Baba akatoa mbao za mwaloni alizokuwa amejiwekea za jeneza lake. Kwa hiyo usije ukaniambia mambo ya kamati ndogo na marekebisho ya kifungu. Wewe piga kura, urudi nyumbani.

Nimekutumia soksi. Zivae, usiziweke kwenye droo.

Dada yako,
Ardis


Mji mkuu, 24 Januari 1967

Dada Ardis,

Salamu kwako na kwa mzee wetu. Soksi zimefika na ninazo miguuni sasa hivi. Hoteli yetu ina bomba la joto linalogonga kama mtu anayedai atolewe, lakini joto lenyewe halionekani.

Bunge ni lile lile. Spika husinzia, akiamka hugonga meza kutuamsha sisi. Mawakala wa makampuni wanatualika kula nyama kila jioni, nami nakula viazi tu ili niweze kuwatazama usoni kesho yake. Wazee wa huku wana desturi moja inayonichekesha, wanaiita kufungana. Wawili wa pande mbili hupeana mkono: siku mmoja akiwa na udhuru, mwenzake naye hapigi kura, asije akafaidika na pengo la mwenziwe. Karani huwaandika wawili wawili. Kuna vikongwe wawili hapa wamefungana tangu nikiwa shule, na nje ya ukumbi hawasalimiani.

Ng'ambo ya ujia wa katikati anakaa Emmett Dacey wa Corrigan, kule kwenye migodi. Mkatoliki, Muayalandi, wa chama kile kingine, na mapafu yake yamejaa vumbi. Kila asubuhi tunakunywa kahawa pamoja. Yeye anautaka muswada huu kama vile mimi ninavyoukataa. Anasema wachimbaji wake wanahitaji madaktari wa mapafu, na madaktari hao hawatakuja jimboni hadi vihospitali vidogo vifungwe na nguvu zikusanywe mahali pamoja. Namwambia, "Emmett, mtu wa Brekke akishikwa na moyo, atakufa njiani akielekea kwa daktari wako wa mapafu." Ananiambia, "Na mtu wangu anakufa kitandani kwake, Orlin, tofauti ni shuka tu." Si mtu mbaya. Mkewe Nora ni mgonjwa sana.

Nimehesabu vichwa. Tunakwenda sare au karibu na sare, na sare inaua muswada. Mwambie Baba alale.

Ndugu yako,
Orlin


Brekke, 17 Februari 1967

Orlin,

Sisi hatujambo. Theluji imefunga barabara siku kadhaa, kwa hiyo magazeti ya mji mkuu ya siku zote hizo yamefika leo kwa mkupuo.

Nimesoma kwamba muswada umepita kwa kura moja.

Chini yake wameandika majina ya waliosema ndiyo, kisha ya waliosema siyo. Nilipita kwenye siyo mara ya kwanza nikadhani nimeruka mstari. Baba akaniambia, "Soma tena, umelipita jina letu." Nikasoma tena kwa sauti, polepole, kidole kwenye karatasi. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kama za tangazo la mbwa aliyepotea, wameandika: Hawakuwepo. Dacey. Halvik.

Nikafikiri labda ulifungana na mtu, kama ulivyonieleza. Nikatazama. Waliofungana siku ile kwa miswada mingine wana sehemu yao, wameandikwa wawili wawili kama watu wa kufunga ndoa, na jina lako halimo. Juu yake Spika, ambaye ni wa chama cha Dacey, amenukuliwa akisema kwa muswada huu chama chake kilipiga marufuku kufungana, kila mtu awepo kwa miguu yake.

Kura moja, Orlin. Sare inaua, uliniandikia mwenyewe.

Ulikuwa wapi?

Ardis


Mji mkuu, 22 Februari 1967

Dada Ardis,

Natumaini barabara imefunguka na mzee hajapata mafua. Huku upepo wa joto umeshuka kutoka milimani na theluji yote imegeuka matope. Jana Spika aliteleza kwenye ngazi, hakuumia.

Kuhusu kura. Ni kweli sikuwepo ukumbini. Sikuwa mgonjwa. Sababu siwezi kuiandika wala kuisema, wala usinipigie simu kuiuliza. Nakuomba uniamini kama ulivyoniamini siku zote.

Mwambie Baba nitamwandikia yeye mwenyewe.

Orlin


Brekke, 3 Machi 1967

Orlin,

Hujamwandikia.

Salamu sina leo. Nimekwenda kanisani nimezimaliza zote kuwasalimia watu ambao hawakunijibu.

Ngoja nikuambie ulikuwa wapi, kwa kuwa wewe hutaki. Kwa watu wa ghala la ngano, ulikuwa umelewa. Kwa akina mama wa kanisa, ulikuwa na mwanamke, na wameshampa rangi ya nywele. Kwa Bwana Tollefson, umenunuliwa. Penye wengi pana mengi, na mimi nimesimama katikati yao nikiwa na birika la kahawa, sina la kusema. Mimi, Orlin. Mimi niliyezunguka wilaya nzima na pai kwenye kiti cha nyuma nikiwaambia watu mdogo wangu si msemaji sana lakini akisema kitu amekisema. Uchaguzi wa kwanza niligonga milango hadi vifundo vya vidole vikachubuka. Hukuniomba kura hata mara moja, mimi ndiye niliyekuombea.

Umeniandikia "niamini". Kuamini nini? Mtu huamini neno, na wewe hujanipa neno. Hata uongo ningeupokea. Ungeniambia ulikuwa na tumbo la kuhara, ningeipeleka habari ile dukani nimeinua kichwa.

Mama alipokufa nilikuacha ulale chumbani kwangu mwaka mzima kwa sababu uliogopa upepo. Nilidhani nakujua.

Niambie ulikuwa wapi. Sikuulizi kama mpiga kura.

Ardis


Mji mkuu, 20 Machi 1967

Dada,

Kikao kimefungwa. Sitarudi nyumbani kwa sasa. Umoja wa wakulima wa ngano umenipa kazi ya kuandika jarida lao hapa mjini hadi msimu wa mavuno, na baada yake labda zaidi. Najua Tollefson atasema hayo ndiyo malipo. Mwache aseme.

Mwishoni mwa mwezi uliopita nilikwenda Corrigan kwenye maziko. Mke wa Dacey amefariki.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Jibu langu ni lile lile. Nilimpa mtu neno, na neno lenyewe ni pamoja na kunyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, dada. Niache.

Orlin


Brekke, 2 Julai 1967

Orlin,

Ngano imesimama vizuri, mvua imekuja wakati wake. Baba anatembea kwa fimbo sasa lakini anakataa kuiita fimbo, anasema ni kipande cha mti.

Hospitali ilifungwa jana. Hakukuwa na sherehe. Daktari Ness alikabidhi funguo, akafunga mizigo yake, akaenda kwa bintiye. Muuguzi alilia kidogo, kisha akasema amechelewa basi.

Baba aliniambia nimpeleke mjini. Nikadhani anataka kuangalia tu. Alikuwa na bisibisi na nyundo ndani ya koti. Akapanda zile ngazi ulizosimama wewe, akaanza kufungua bawaba za mlango. Sherifu akaja na gari lake la polisi. Nikajiandaa kumtetea mzee wangu. Sherifu akatazama, akavua kofia, akasema, "Nils, huo ni mlango wa wilaya." Baba akamwambia, "Shika upande huo wa chini, utaniangukia." Sherifu akashika. Ule mlango sasa uko ghalani kwetu, umeegemea ukuta karibu na mabango yako ya uchaguzi. Pale ulipokuwa wamepigilia mbao.

Tulipofika nyumbani Baba alisema, "Alikuwa na sababu." Nikamuuliza gani. Akasema, "Sijui. Lakini alikuwa nayo." Kisha akaenda kulala mchana, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Yeye bado anakuamini. Nimekuandikia ujue hilo likuchome.

Ardis


Brekke, 26 Novemba 1967

Orlin,

Uliondoka makaburini kabla ya chakula, kwa hiyo kuna mengi hukuyasikia. Simu ya upepo ilikuambia Baba amefariki. Haikukuambia vipi.

Alikuwa anakula uji. Akaweka kijiko chini, akashika kifua, akasema kuna kitu kizito. Nilimpigia Tollefson, ambaye mkewe alikuwa ameshasikia kabla sijamaliza, na kwa mara ya kwanza nilishukuru. Tulimlaza nyuma ya gari, kichwa chake mapajani mwangu. Theluji ilikuwa inapiga kwa ubavu. Tulipita mbele ya hospitali yetu, Orlin. Hakuna njia nyingine ya kutoka mjini. Giza tupu, na zile mbao mlangoni. Baba alikuwa anaiona, macho yalikuwa wazi. Akaniuliza kama nimezima jiko. Nikamwambia nimezima. Alikata roho hatujafika hata nusu ya njia. Tollefson hakusimama, aliendelea kuendesha, kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya na kuendesha kulikuwa ni kitu cha kufanya.

Sasa sikiliza la pili. Ulipoondoka, mtu mrefu mwembamba asiye wa huku alishuka kwenye chumba cha chini cha kanisa. Nilikuwa kwenye beseni la vyombo. Akachukua kitambaa akaanza kukausha vikombe, vibaya sana.

"Wewe ndiye dada mtu?" akaniuliza.

"Ndiye mimi. Na wewe ni nani? Maana hata kikombe hujui kukishika."

"Emmett Dacey. Wa Corrigan."

"Yule wa upande wa pili."

"Yule yule. Ila sasa sina upande. Nimejiuzulu. Sina chama, sina mke, kwa hiyo naweza kusema." Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Orlin hakulewa, dada. Wala hakununuliwa."

Nikamwambia hayo ya kulewa yalishapitwa, sasa tuko kwenye mwanamke.

"Mwanamke alikuwepo," akasema. "Wangu. Asubuhi ile walinipigia kwamba Nora hafiki Jumapili. Chama kilishatuambia, anayetoka au anayefungana asirudi kutafuta kiti. Nikamfuata Orlin kwenye ujia. Nikamwambia, tufungane leo, kwa neno tu, karani asiandike, na mtu asijue. Akanipa mkono. Muswada wenu haukuwa kwenye ratiba ya siku ile. Waliuingiza mchana huo huo, mimi nikiwa kwenye treni."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Nje ya mlango wa ukumbi. Bawabu ndiye aliyeniambia. Alisimama pale ameshika kitasa, akasikiliza majina yote hadi mwisho. Walipoliita lake aliinamisha kichwa."

Akaweka kikombe chini, akaniambia, "Nimekuja mbali kukwambia ndugu yako ndiye mtu mwadilifu kuliko wote niliowahi kukaa nao ukumbi mmoja. Nora alikaa siku kumi zaidi. Nilikuwepo."

Nilimpa pole. Nilimpa sahani ya nyama na chapati zetu za viazi, nikamwekea siagi na sukari mwenyewe, maana hakujua zinavyoliwa. Nilimsindikiza hadi kwenye gari lake. Kisha nikarudi nyuma ya tanuri nikalia, na usidhani nililia kwa kukuonea huruma. Nililia kwa hasira hadi mke wa mchungaji akaniletea maji.

Miezi yote hii nilikuwa nakutafutia dhambi. Ningeweza kusamehe pombe. Ningeweza kusamehe yule mwanamke mwenye nywele nyekundu, ningemkaribisha kahawa. Kumbe ulikuwa mlangoni. Ulikuwa na mkono kwenye kitasa. Dacey hayupo, kura yake haipo, ungeingia ukasema neno moja na muswada ungekufa pale pale, na Baba angekuwa hapa anagombana na uji wake.

Sema sasa. Huna tena wa kumficha.

Ardis


Mji mkuu, 8 Desemba 1967

Dada Ardis,

Salamu. Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Hii naituma hata kama ni mbaya.

Sikujua kuhusu gari la Tollefson. Nilidhani Baba alifia kitandani. Makaburini hakuna aliyenipa mkono, hata wewe. Ulisimama upande wa pili wa shimo ukatazama viatu vyangu. Ningekula chakula gani?

Unataka niseme, nasema. Kama Emmett angekaa, angesema ndiyo, mimi ningesema siyo, na muswada ungepita kwa kura ile ile moja. Fanya hesabu. Sikuwapokonya kitu. Nafasi uliyoiona wewe ilitokana na mwanamke anayekata roho Corrigan, na mumewe aliniambia mimi, si mwingine, kwa sababu aliamini sitaitumia. Ningeingia, mngekuwa na hospitali ya wizi. Nilishika kitasa kwa sababu miguu ilikuwa inataka kuingia, na nilikishika hadi kiganja kikafa ganzi.

Nani alinifundisha hivi? Si wewe na Baba? Umesahau yule farasi mwekundu? Baba alimpa mkono mtu wa Kanada, na kesho yake akaja mwingine na bei mara mbili, na mwaka ule tulikuwa tunakula viazi asubuhi na jioni. Baba akasema farasi ameshaondoka, ingawa alikuwa bado zizini. Ulinisimulia wewe hadithi hiyo, dada, kila nilipokuwa na uongo mdomoni.

Nami nina hasira, usidhani ni mali yako peke yako. Nilipoteza jina, nikampoteza Baba, na nilinyamaza ambapo kila mtu mwingine angepiga kelele. Sasa unaujua ukweli na bado unanichukia, basi ningefanya nini?

Nitagombea tena mwakani. Waambie watu ukweli wote kama Emmett alivyokuambia, kisha waamue wao. Mwezi wa tatu nitamtuma mtu achukue mabango yangu ghalani.

Ndugu yako,
Orlin


Brekke, 11 Machi 1968

Mdogo wangu Orlin,

Salamu kutoka nyumba ambayo sasa ina mtu mmoja na paka. Mimi ni mzima. Majira ya baridi yamekuwa mapole, kana kwamba yameona haya. Ndama watatu wamezaliwa, yule wa masikio yaliyoungua naye amekuwa mkubwa na ana tabia mbaya. Bi. Tollefson ananipigia kila jioni kuuliza kama nimekula. Hajifichi tena ndani ya simu, anaongea kabisa.

Nilikaa muda mrefu bila kukujibu kwa sababu ulinishinda, na sikupenda. Hesabu yako ni sahihi. Niliipiga kwa kalamu nyuma ya kalenda ya ghala la ngano na ikatoka kama ulivyosema. Neno lako kwa Dacey lilikuwa neno la haki, na ungelivunja ungekuwa mwizi. Nimewaambia watu yote. Nimewaambia posta, dukani, na kanisani baada ya ibada nilisimama nikawaambia, hukulewa, hukuhongwa, na mwanamke wa nywele nyekundu hayupo. Wengine walilia. Tollefson alisema, "Basi ni mtu mwema." Nikamwambia ndiyo, ni mtu mwema.

Lakini farasi, Orlin. Juu ya huyo farasi nimelala na kuamka majira yote ya baridi, na mwisho nimekupata.

Yule farasi alikuwa wa Baba. Alimlea yeye, alimlisha yeye, na alipokataa ile bei mara mbili, aliyekula viazi ni yeye na wanawe. Baba alipeana mkono juu ya mali yake. Wewe kwenye ule ujia ulipeana mkono juu ya nini? Kura ile haikuwa yako. Ilikuwa ya muuguzi, ya Tollefson, ya kila nyumba iliyobeba tofali. Sisi tulikupa uishike, hatukukupa uitoe. Na ulikuwa umeshatupa sisi neno lako, kwenye ngazi, kofia mkononi, kabla hujampa Dacey. Ahadi ni deni, sawa, lakini la kwanza hulipwa kwanza. Ungemwambia, "Emmett, pole sana, siku nyingine yoyote, lakini hadi muswada huu upite au ufe, mimi nimeshafungwa na watu wa Brekke." Angekuelewa. Angekwenda kwa mkewe vile vile. Nilimuuliza kwa barua, naye akanijibu kwamba angekwenda vile vile.

Baba hakuuza farasi wa jirani, Orlin. Hilo tu ndilo nililotaka kukuambia tangu mwezi wa pili wa mwaka jana, ila sikuwa nimelijua.

Sikuchukii. Ulipouliza ungefanya nini, hilo ndilo jibu, na linaniuma kulitoa. Pasaka njoo ule nyumbani, nitapika kondoo, sahani yako ipo mahali pake. Tutaongea habari za ndama.

Mtu wako wa mabango alikuja jana. Nilimpa kahawa nikamrudisha mikono mitupu. Asubuhi ya leo nimekwenda kwa karani wa wilaya nikajiandikisha kugombea kiti, kwa chama chetu hicho hicho. Karani aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikamwambia aandike. Mwezi wa sita, katika kura ya mchujo ya chama, watu watachagua mmoja wetu.

Mabango yote yako ghalani, yameegemea ule mlango. Nimeyafuta vumbi, rangi bado nzima. Nilipoyaandika kwa ajili yako miaka ile niliweka HALVIK tu, kubwa, bila jina la mbele, kwa sababu ulisema kila mtu anajua ni Halvik yupi. Safari hii itabidi waulize.

Dada yako,
Ardis